Sura ya Mwisho ya Sherifu Odom

Rexdale, Toronto
12 Novemba 2024

Mdogo wangu Domina,

Marahaba. Najua bado hujaniamkia, lakini barua ikikaa mwezi mzima njiani, heri mtu aitikie mapema.

Huku wote wazima, kwa maana kwamba hakuna aliyekufa. Editruda bado anafanya zamu za usiku kwenye lile ghala la karibu na uwanja wa ndege. Yeye anarudi, mimi naamka, baba na binti tunapishana mlangoni kama mapadri wa misa mbili. Lifti imeharibika tena. Nashuka ngazi nikitukana kwa Kingoni na kupanda nikitukana kwa Kiswahili, maana Kingoni kinataka pumzi. Yule mbuzi wako mwenye pembe moja bado yupo, au ulimla ukanificha?

Haya. Ndani ya bahasha hii kuna kitabu cha ishirini na mbili cha Sherifu Odom, yule mkuu wetu wa polisi wa kaunti kule Marekani. Sura ya mwisho nimeichana kama kawaida, ninayo mimi, utaipata ukishaniandikia nani muuaji. Sheria ni sheria, na hatukuitunga sisi. Aliitunga yule mtu wa Peramiho aliyekwenda chooni na kurasa za mwisho za kitabu cha kwanza, kabla muuguzi yule Mmarekani hajatuachia kreti lake la vitabu. Unakumbuka tulivyobishana? Kila nilipopita kwako na lori la ushirika ulinipa muuaji mpya. Tulipokuja kupata nakala nzima, muuaji alikuwa yule uliyeniapia kwamba ni mtu wa sala. Vitabu ishirini na kimoja, Domina! Mwalimu mzima, umefundisha watoto wa watu hesabu, na hujapatia hata kimoja. Mimi wa darasa la saba nimepatia tisa.

Maoni yangu nayatoa bila kukuharibia. Kitabu hiki kimenichefua. Sherifu Odom amezeeka vibaya. Zamani alikuwa anakamata watu. Sasa analewa, anatapika, anakwenda kukaa ukingoni mwa kinamasi anawaza. Yule muuza magari mitumba akiokotwa ameoza ndani ya buti la gari, mwandishi anatupa ukurasa mzima wa funza, mpaka rangi yao. Nilikuwa nakunywa uji. Kazi yote anaifanya msaidizi wake, Ezekieli, kijana wetu mweusi tuliyemjua hajaota ndevu. Sasa ana mvi na bado hajamwambia Loretta wa mgahawani kwamba anampenda. Watu wa Kusini mwa Marekani, kumbe, ni waoga wa midomo. Mwanamume anakula uji wa mahindi kwa mwanamke mmoja maisha yake yote na hasemi neno! Angekuwa Mngoni shangazi zake wangeshamalizana na wajomba wa mwanamke yeye akiwa bado anapuliza bakuli.

Nimekimaliza jana. Sina zaidi la kusema, na unajua mimi kukosa la kusema ni ugonjwa.

Kaka yako anayekuchokoza kwa mapenzi,
Dismas


Mfaranyaki, Songea
29 Desemba 2024

Kaka Dismas,

Shikamoo. Kitabu kimefika mkesha wa Krismasi, bahasha imefunguliwa njiani na kufungwa tena kwa gundi ya mtoto wa shule. Sijui walidhani sherifu wako amebeba nini.

Mvua zimeanza kwa hasira. Mbolea imechelewa, imekuja mahindi yameshakata tamaa. Mbuzi ameuzwa; hakuliwa, acha uchongezi. Gaspari alikuja na mkewe, mwanangu amenenepa mpaka anapumua kwa sauti. Ananisumbua niende naye Dar nikapimwe tena, kwa sababu tumbo lilinivuta kidogo mwezi wa kumi. Si neno.

Kitabu nimekisoma. Kama wewe kimekuchefua, mimi nimetamani kukioshea mikono. Huyo sherifu nimemvumilia tangu alipokuwa na mke. Hebu niambie, katika maiti zote alizozigeuza kwa kalamu yake, amewahi kwenda kumzika hata mmoja? Amewahi kushika koleo? Anamaliza kesi, anakwenda kuvua samaki. Na wanawake wa kaunti ile, kaka, kila mmoja anaingia kitabuni yu hai kurasa nne, halafu anakutwa hana nguo majini. Mwandishi anaeleza mapaja ya marehemu! Ningekuwa na uwezo ningemvua yeye mwandishi nimlaze kinamasini, halafu nikae na daftari niandike mapaja yake yanafananaje.

Hakuna mtu mle ndani ila Ezekieli na Loretta. Nawe umechana pale pale. Ezekieli amepigwa risasi ya mguu, yuko shimoni chini ya kanisa, amening'inia kwenye bomba, maji yamefika shingoni. Ulifanya makusudi.

Kuhusu muuaji, safari hii sitabiri. Sitaki. Nataka kujua tu kama yule mtoto anatoka mle shimoni. Gaspari ananiambia nachelewa kwenda Dar, nami nimemjibu nitakwenda nikimaliza kitabu changu. Kabla ya hapo sitoki Songea. Basi, harakisha.

Mdogo wako,
Domina


Rexdale
31 Januari 2025

Domina,

Marahaba tena. Nafurahi kwamba mbuzi ameuzwa, ingawa muuzaji simwamini.

Huku theluji imeangukia magari mpaka yanafanana na makaburi. Editruda ameweka trei la plastiki nyuma ya mlango. Ukiingia unavua mabuti unayaweka humo yatoe maji yake na chumvi ya barabarani. Ukikanyaga zulia unakuwa mtuhumiwa namba moja.

Gaspari amempigia simu Editruda. Wewe na mimi tulikubaliana kwamba simu ni ya kutangazia misiba, kwa hiyo ilipolia nikaona jina lake, nilitafuta kiti kwanza. Kumbe huna “kuvutwa kidogo.” Una uvimbe, daktari anataka kuutoa upesi, na wewe umeukalia kama kuku anayeatamia. Unangoja uangue nini?

Nisikuudhi. Nikupe habari za kikundi cha wasomaji pale maktaba: wazee wanne, biskuti kavu, na Shabnam, mkutubi, anayetuuliza kila mara tumejisikiaje. Wote tumekisoma hiki hiki. Shabnam akaanza: “Mfululizo huu unatuonyesha majeraha ya Kusini.”

Nikamwambia, “Mama, majeraha tunaonyeshwa tangu kitabu cha kwanza. Dawa inaletwa lini?”

Shakeel, aliyekuwa dereva wa basi, yeye anausifu. “Sura zake fupi. Unamaliza moja kwenye taa nyekundu.”

“Ulikuwa unasoma abiria wamo?”

“Taa nyekundu ndefu,” akasema, akachukua biskuti.

Ndipo akazungumza Madatali. Nilishakueleza habari zake: mzee wa Kihindi, kwao Lindi, baba yake alikuwa na duka la kanga, Kiswahili chake kimehifadhiwa vizuri kuliko changu. Akasema, “Bwana Dismas, mimi kitabu hiki nimekitupa. Nimekitupa ukutani! Mke wangu akauliza, kuna panya? Nikamwambia, yuko, na ameandika vitabu ishirini na viwili.” Kikao kilipokwisha alikaa garini muda mrefu hajawasha injini. Sikwambii kwa nini.

Editruda akanisomea na maoni ya watu kwenye mtandao. Ni maelfu. Mmoja amesema huu ndio mwisho mtukufu kuliko yote, amelia. Huyo nadhani hulia hata akimenya viazi. Mwingine amekipa nyota moja kwa sababu kilifika kona imekunjika. Ndiyo dunia hiyo: mtu anaoza ndani ya buti la gari, mwenzake analalamikia kona.

Sasa turudi kwako. Mwanamke aliyewahi kuwashuku wachungaji, madaktari na bibi mmoja kipofu, leo anasema hataki kutabiri? Hapo ndipo nilipojua Gaspari hasemi uongo. Taja muuaji, au nenda Dar. Bila hivyo sura inakaa kwangu.

Dismas


Rexdale
3 Februari 2025
(Hii haikwenda posta.)

Domina,

Nakuandikia ukweli, halafu nione kama mkono utakubali kuutia kwenye bahasha.

Wanamuua. Ezekieli anatoka mle shimoni, peke yake, na mguu ule, anatambaa kwenye matope mpaka barabarani. Sherifu Odom amelewa. Anaona kitu kinatikisika gizani, anafyatua. Mistari minne. Halafu nafasi nyeupe. Halafu sherifu yuko na fimbo yake ya kuvulia samaki, anawaza juu ya msamaha. Loretta hatajwi hata jina. Muuaji wa muuza magari anasemwa mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kuzima taa. Mtu tuliyekaa naye miaka arobaini amezikwa ndani ya nafasi nyeupe.

Nilifungua dirisha nikatema mate, kweli, ghorofa ya tisa. Mwandishi yule, popote alipo, apate upele mgongoni na mikono ifupike.

Nakujua wewe. Ukisoma hivi utasema: huyu aliyepigana, aliyetambaa, ndiyo malipo yake, basi mimi niende Dar kufanya nini? Hukusema hivyo alipokufa shemeji, mumeo, kule hospitali ya Dar. Ulipanga viatu vyake tu.

Nisipoituma sura, unakaa Songea na kisingizio. Nikiituma, unakaa Songea na sababu.


Mfaranyaki, Songea
22 Februari 2025

Kaka Dismas,

Shikamoo, ingawa leo inapita katikati ya meno.

Mahindi yamebeba, si haba. Bati la jikoni limeng'olewa na upepo, fundi amelirudisha kinyume. Nyumbani kwa mama mdogo wanakusalimu, wanauliza kama huko Kanada wewe ni mtu mkubwa. Nimewaambia unakaa juu sana.

Umezeeka ukawa kama watu wa forodha, kazi yako kushika vitu vya wenzako. Na usiniandikie habari za Dar. Dar naijua. Baba yake Gaspari, Mzee Kapinga, nilimpeleka kwa basi, amekaa dirishani anakula mayai ya kuchemsha na kunionyesha tembo wa Mikumi ambao hawakuwepo. Nilirudi naye kwenye pikapu, amelala. Basi.

Gaspari amepangiwa tarehe na madaktari, wiki moja baada ya Pasaka. Amelia mbele yangu, mtu mzima na kitambi chake. Nikampa upande wa kanga yangu ajifute.

Kitabu nimekirudia, na mara ya pili kinanuka zaidi. Hivi umeona kwamba Sherifu hajui jina la mama yake Ezekieli? Wamefanya kazi pamoja tangu zama za redio za betri! Lakini pale ambapo Ezekieli ameshika lile bomba, maji yako shingoni, na anajiambia neno moja tu, “bado,” pale nimeweka jani la mpera. Sasa kitabu chenyewe kinajifungulia hapo hapo, hata nikikishika kwa mgongo.

Tuma sura, Dismas. Sikutanii.

Domina


Rexdale
23 Machi 2025

Mdogo wangu,

Umeshinda. Ila sikiliza masharti yangu.

Kumetokea ajali. Chai ilimwagikia zile kurasa, zikashikana kama chapati za jana. Kabla hazijafa kabisa nimekaa nikazinakili, na kwa kuwa Kiingereza changu cha kuandika kinaaibisha ukoo, nimezigeuza kwa Kiswahili. Maneno ni ya mwandishi, mkono tu ndio wangu. Usije ukasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Posta siiamini tena kwa kurasa hizo; naipa barua hii tu. Kuna kijana anaitwa Shadrack, anasoma chuo, anakaa kule mtaa wa Jane na Finch, anakuja nyumbani kuoa. Nimempa bahasha ndani ya begi lake la mkononi, ataifikisha kwa Gaspari kabla ya Pasaka. Gaspari nimemwagiza asithubutu kuipandisha basi la Songea, wala kuifungua, wala kukusomea kwa simu. Itakuwa juu ya kabati lake, Dar es Salaam. Ukiitaka, ifuate.

Ndiyo, nimekutega. Nitukane ukifika.

Huku barafu inayeyuka, na kila kinyesi ambacho mbwa wa Rexdale walikihifadhi tangu Desemba kimefufuka kabla ya Bwana Yesu. Habari nzuri nyingine sina.

Dismas


(Iliyokuwa ndani ya bahasha, kwa mwandiko wa Dismas)

SURA YA MWISHO

Ezekieli alisema “bado” mara nyingine, akalivuta lile bomba kwa nguvu. Likang'oka, ukuta ukatoboka, maji yakatoka, na yeye akatoka. Barabarani alimkuta Sherifu Odom, ambaye alikuwa ameacha pombe tangu asubuhi.

“Habari za tangu juzi, Ezekieli?”

“Nzuri, Sherifu. Sijui wewe.”

“Mimi salama. Mama yako, Bi Eulali, hajambo?”

“Hajambo. Nimepigwa risasi.”

“Pole sana.”

“Nimeshapoa.”

“Ya mguu?”

“Ya mguu.”

“Pole tena. Twende kwa Loretta, ndiyo karibu.”

Wakapiga hodi. Loretta akafungua, amejifunga kanga. Wakavua mabuti yao wakayaweka kwenye trei, maana yalikuwa na matope ya kinamasi na zulia lilikuwa jipya. Loretta akachemsha maji akatia chumvi, akamkanda Ezekieli mguu, kisha akapakua uji.

Kulipokucha wakampeleka hospitali kubwa ya mjini. Ezekieli hakusema nina mahindi shambani. Hakusema ngoja kwanza nimalize hiki na kile. Alipanda gari akakaa dirishani. Alikuwa anaogopa, na hakuona aibu kuogopa. Daktari akaitoa risasi, akamwonyesha ndani ya bakuli. Watu wengi sana hurudi kutoka hospitali wakiwa wamekaa dirishani, ila hao hakuna anayewasimulia.

Alipoweza kutembea walikwenda kumzika yule muuza magari mitumba, maana naye alikuwa na watu wake. Sherifu Odom alishika koleo mwenyewe, akajaza udongo mpaka viganja vikatoa malengelenge. Hakwenda kuvua samaki.

Jumapili Sherifu akavaa koti safi akaenda kwa wajomba wa Loretta, akasema, “Nimetumwa. Kuna kijana wetu ana mvi, lakini ni kijana.” Wajomba wakacheka. Loretta akaitwa, akaulizwa kama anamfahamu mtu huyo.

“Namfahamu,” akasema Loretta. “Miaka yote hii nilidhani anapenda uji.”

MWISHO


Tabata, Dar es Salaam
19 Mei 2025

Kaka Dismas,

Shikamoo. Nakuandikia nimeegemea mito mitatu, nina mshono kama zipu ya suruali ya mwanajeshi. Joto la huku ni la kuchemshia maharage. Mke wa Gaspari ananipikia supu mchana na jioni, nikiona kuku ninamwonea huruma. Wametoa kitu cha ukubwa wa embe dodo. Wamekipima, na siyo kile ambacho wewe na mimi tulikuwa hatukitaji jina. Nitakaa hapa mpaka waniruhusu, kisha nirudi Songea. Nimeshamwambia Gaspari anikatie kiti cha dirishani.

Wewe ni mjinga sana.

Nilikuja Dar kwa hasira. Nilisema nitachukua bahasha yangu na kurudi na basi la kesho yake. Nikakaa kitandani kwa Gaspari nikafungua. Nilikuwa mstari wa “habari za tangu juzi” nikajua. Kaka, hebu jiulize. Katika vitabu vyote ishirini na viwili, katika ile kaunti yote, kuna mtu aliyewahi kumwambia mwenzake pole? Mtu anavuja damu mpaka sakafu inateleza, mwenzake anamuuliza ni gari la rangi gani! Wewe umempa pole mbili, moja ya kabla ya mguu na moja ya baada ya mguu. Halafu hodi. Halafu kanga! Na hayo mabuti kwenye trei, ni kinamasi gani hicho chenye Editruda ndani yake?

Nilicheka mpaka Gaspari akaja mbio akidhani nimezidiwa. Halafu nikafika pale kwenye dirisha. Hapo sikucheka. Nikamwambia Gaspari, kesho nipeleke hospitali, nipeleke kabla sijabadilika.

Ile sura ya kweli sitaki kuiona. Usiniletee, usinisimulie. Ezekieli alikufa, najua. Usingehangaika hivyo kwa mtu aliyepona.

Lakini nina malalamiko, na haya nayasema kama mwalimu. Umemwoza Ezekieli, umemtoa Sherifu pombe, umemzika muuza magari kwa heshima zote. Ila nani aliyemuua? Umesahau! Umeandika kitabu cha mauaji ukamsahau muuaji! Nimelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, wananisukuma kwenye taa nyeupe, wanawake wawili waliofunika midomo wananiambia bibi hesabu moja mpaka kumi, na mimi nawaza: haiwezekani, mzee yule amesahau muuaji, nikifa sasa nitaondoka na upuuzi huu. Nilipozinduka hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza. Nesi alimwita daktari, akasema bibi anauliza nani muuaji.

Jibu upesi.

Domina


Rexdale
22 Juni 2025

Domina, embe dodo,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi kwa sababu lifti imekufa, nikakaa ghorofa ya nne mpaka jirani mmoja akaniuliza kama aite gari la wagonjwa. Nikamwambia gari lilishakwenda na kurudi.

Editruda anakusalimu. Hapa sasa ni joto, watu wa Rexdale wamevua nguo zote na kuanza kuchoma nyama kwenye vibaraza, moshi wote unaingia kwangu.

Nilimwonyesha Madatali sura yangu. Akaisoma mara mbili ndani ya gari lake, akasema anaitaka nakala, aibandike mwishoni mwa kitabu chake alichokitupa. Shabnam naye akaisikia, akasema haina uhalisia wa Kusini. Nikamwuliza kusini ipi. Shakeel akasema ni ndefu kuliko taa nyekundu. Basi ndiyo maoni ya wasomaji wangu, na wasioipenda wachomwe kwenye kibaraza pamoja na nyama.

Ile sura ya kweli haijapatwa na chai. Tangu Machi iko chini ya mabuti kwenye trei, imekunywa chumvi ya barabara nzima ya Kipling. Ndiyo kazi ya kwanza ya maana iliyofanya.

Wametangaza kwamba mwandishi ana cha ishirini na tatu mwakani. Sherifu Odom sasa ana mbwa, na mbwa naye anawaza. Najisi kabisa. Sitakinunua hata nikifungwa kamba. Nimekwisha kukiagiza.

Kuhusu lile swali lako, unanikosea heshima. Mimi nimsahau muuaji? Ukurasa mmoja niliuzuia huku makusudi, kwa kuwa wewe ndiye uliyevunja sheria yetu ukakataa kutabiri. Sasa umepona, huna kisingizio. Fikiri vizuri, usikimbilie wachungaji. Niandikie jina la muuaji, moja tu, ndipo utaletewa ukurasa uliobaki. Moyo unaniambia safari hii utapatia.

Nangoja. Kalamu ninayo mkononi.

Kaka yako,
Dismas